Kibaba cha Mvua: Nafaka, Maji na Ardhi katika Njia ya Misafara ya Tabora

Viazi vitamu huchemshwa, humenywa, hukatwa vipande, kisha huanikwa juani siku kadhaa mpaka vinakuwa vigumu kama ukuni. Vikitunzwa mahali pakavu hukaa miezi. Mwenye njaa huvitafuna hivyo hivyo njiani, au huviloweka na kuvipika upya. Wanyamwezi huviita matobolwa, na wenyeji wengi wa Tabora husimulia kwamba jina la mji wao limetoka humo.

Simulizi hiyo inastahili kusikilizwa hata na asiyejali asili ya majina. Tabora huelezwa vitabuni kwa pembe za ndovu, kwa biashara ya watumwa, na kwa nyumba ya Kwihara ambako Stanley na Livingstone walikaa. Wenyeji nao wanaukumbuka mji kwa chakula cha akiba. Makala hii inafuata kumbukumbu yao, kwa sababu hakuna pembe hata moja iliyofika Bagamoyo bila mpagazi kula, na hakuna mpagazi aliyekula bila mtu fulani katika Unyamwezi kujua mvua ya mwaka ule itakaa wapi shambani.

Posho ya mpagazi

Wasafiri wawili Waingereza, Richard Burton na John Speke, waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kaze, Tabora ya leo, kwenye makazi ya wafanyabiashara katika utemi wa Unyanyembe, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Walipokelewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu. Waliukuta mji usio na bandari wala mto mkubwa, lakini ulio njia panda ya nchi nzima: magharibi njia ilikwenda Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda, kusini-magharibi Ufipa na kuendelea hadi Katanga. Swali la mwanahistoria ni kwa nini njia hizo zilikutana hapo. Jibu moja ni siasa ya watemi wa Unyanyembe, walioona faida ya kuwakaribisha wageni. Jibu la pili ni ghala.

Kipimo cha posho ya mpagazi kilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Vibaba vinne hufanya pishi moja, na kibaba cha nafaka kina uzito wa karibu theluthi mbili za kilo. Tuseme msafara una watu 500. Kila jua likichwa, umekula vibaba 500, yaani pishi 125, zaidi ya kilo 300 za mtama, uwele au mahindi. Kwa siku 10 ni zaidi ya tani 3. Mpagazi alikwisha kubeba mzigo wa kama frasila mbili mabegani. Posho ya siku 10 ilimwongezea moja ya tano ya uzito huo, kwa hiyo hakuweza kubeba chakula cha safari nzima. Msafara ulilazimika kuikuta nafaka mbele yake, imeshalimwa, imeshavunwa na imeshapurwa na watu wengine.

Ndiyo maana neno posho limesafiri mbali kuliko pembe. Nchini Uganda leo ndilo jina la ugali wenyewe, na Kenya kinu cha mtaani cha kusagia unga hubeba neno hilo hilo. Kila mara linapotamkwa, kipo ndani yake kibaba cha mpagazi.

Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi wenyewe, na kalenda yao ilifuata shamba. Walitoka baada ya mavuno, kiangazi kinapoanza, na wengi walijitahidi kurudi nyumbani kabla ya mvua za Novemba, msimu wa kulima matuta. Mwanamume aliyechelewa pwani aliacha kazi ya jembe kwa mkewe, kwa wazazi wake, na kadiri biashara ilivyokua, kwa watumwa walionunuliwa kwa faida ya safari hiyo hiyo. Hesabu ya posho haikamiliki bila watu hao. Kibaba alichopimiwa mpagazi huru mara nyingi kilitoka katika mkono wa mtu asiye huru.

Mteremko mmoja, mashamba matatu

Mvua ya Tabora si haba. Kwa mwaka hunyesha kati ya milimita 900 na 1,000 hivi, kiasi ambacho mikoa mingi ya Tanzania ingekipokea kwa shukrani. Taabu iko katika mgawanyo wake. Yote huja katika msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, kisha mbingu hufungwa kwa miezi sita. Mito mingi hubaki mchanga. Tangu Mei hadi Oktoba mtu huishi kwa maji aliyoyahifadhi na nafaka aliyoiweka.

Ardhi yenyewe imejikunja kama mawimbi mapana. Juu ya kila wimbi kuna mawe ya matale na udongo wa kichanga. Katikati ya mteremko kuna udongo ulioshikana, wenye tabaka gumu chini yake lisilopitisha maji. Chini kabisa ni mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi hadi mguu wa ng'ombe unazama katika nyufa, na masika ukinata usiruhusu hata mkokoteni kupita. Wasukuma na ndugu zao Wanyamwezi wana majina ya madaraja hayo: luseni ni ule mchanga wa juu, itogolo ni ardhi ngumu ya mteremko, mbuga ni bonde jeusi. Katikati ya miaka ya 1930 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, aliieleza dunia ya sayansi kwamba udongo wa Afrika Mashariki hujipanga kwa mfululizo kutoka kilimani hadi bondeni, kila daraja likiunganishwa na jingine kwa maji yanayoshuka. Aliuita mpangilio huo katena, neno la Kilatini la mnyororo. Jina lilikuwa jipya, lakini wakulima walikuwa wakipanda kwa kuufuata mnyororo huo tangu zamani.

Huku juu walipanda mtama, uwele na karanga, mimea inayostahimili mchanga unaokauka upesi. Walilima kwa matuta, ili mvua kubwa isikimbie na udongo, na mvua ndogo ikae mferejini miongoni mwa mizizi. Viazi na muhogo vilikuwa bima. Chini, ambako maji yalitulia, mpunga ulioletwa na watu wa pwani ulipata makao yake. Waarabu wa Unyanyembe, waliokuwa na hamu ya mkate wa nyumbani, walipanda hata ngano kwenye ardhi yenye unyevunyevu, wakiimwagilia kiangazi. Visima vilichimbwa kandokando ya bonde, ambako maji hayakuwa mbali.

Familia yenye busara haikuweka mbegu zake zote mahali pamoja. Mwaka wa mvua nyingi, mbuga ilifurika na mchanga wa juu ukalisha nyumba. Mwaka wa ukame, mchanga uliungua na bonde likatoa chochote lilichoweza. Mteremko mmoja ulikuwa mashamba matatu, na yote matatu yalinyweshwa na mvua ile ile ikipita kwa zamu.

Kutema na kuomba mvua

Mashariki ya Unyanyembe, kati ya Ugogo na kijiji cha Tura, misafara ilipita pori kubwa lililoitwa Mgunda Mkali. Mgunda ni shamba. Shamba kali, basi, ambalo halikuwa na shamba lolote ndani yake: vichaka, joto, madimbwi yaliyokauka, na zaidi ya wiki nzima ya kutembea. Burton alilipita kwa mateso. Lakini wasafiri waliofuata katika miaka ya 1870, Stanley na Cameron miongoni mwao, walikuta sehemu zake zimefunguliwa. Wakimbu walikuwa wamefyeka misitu, wamechimba visima na kupanda nafaka ya kuwauzia wapita njia. Katika muda usiozidi miaka 20, njaa ya misafara ilikuwa imegeuza pori kuwa nchi ya kilimo, kisima baada ya kisima.

Kazi ya kufungua pori ina jina lake katika siasa ya Unyamwezi. Neno mtemi huunganishwa na kitenzi kutema, yaani kukata na kufyeka. Mtemi ni wa ukoo wa yule aliyetangulia kutema pori, na chini yake wanangwa waligawa ardhi kwa wageni waliokuja kuomba pa kulima. Lakini mtemi huyo huyo ndiye aliyekuwa na dhamana ya mvua. Ikichelewa, watu walimwendea yeye, na tambiko la mvua lilikuwa sehemu ya utawala sawa na kukata mashauri. Mkono uliotoa shamba uliulizwa habari za maji. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa maana nitalirudia.

Ghala linapovunjika

Mfumo huo ulikuwa na nguvu, lakini haukuwa wa chuma. Karibu mwaka 1860, mtemi Mnwa Sele wa Unyanyembe aligombana na Waarabu kuhusu kodi, akaondolewa, na Mkasiwa akawekwa mahali pake. Speke aliporudi Kaze mwaka 1861 akiwa njiani kwenda kaskazini, vita hivyo vilimkwamisha. Miaka kumi baadaye ilikuwa zamu ya Mirambo, mtemi wa Urambo, aliyetaka sehemu yake katika biashara iliyopita nchini mwake. Mwaka 1871 aliifunga njia ya Ujiji, na baada ya Waarabu na washirika wao kumshambulia, alilipiza kwa kuchoma sehemu ya Tabora. Stanley alilazimika kuzunguka kusini ili amfikie Livingstone.

Katika vita vya namna hiyo shamba la mbali huwa la kwanza kufa. Watu walijikusanya ndani ya maboma na kulima palipo karibu na ua, udongo ule ule kila mwaka. Mashamba ya bondeni, mbali na macho ya walinzi, yaliachwa. Vijana waliokuwa mikono ya jembe walichukua bunduki na kuitwa rugaruga, nao walikula nafaka wasiyoilima.

Mirambo alifariki tarehe 2 Desemba 1884. Isike, mtemi wa Unyanyembe, aliwapinga Wajerumani mpaka boma lake lilipoangushwa Januari 1893, naye akajitoa uhai kuliko kukamatwa. Kati ya matukio hayo mawili ilipita sotoka ya mwanzoni mwa miaka ya 1890, ikaua ng'ombe kwa wingi usio na mfano. Mifugo ilipotoweka na watu walipopungua, vichaka vilirudi, navyo vikaja na mbung'o na malale. Kati ya miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza iliwahamisha watu wa Jimbo la Magharibi na kuwakusanya katika makazi mapya ili kuwaepusha na malale. Nchi iliyotemwa kwa vizazi ilifunga tena, na mnyororo wa mashamba ya mteremko ukakatika mahali pengi.

Ekari bila maji

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912, na mabega ya wapagazi yakapumzika. Tangu hapo nchi hii ilianza kutazamwa na watu walioihesabu kwa ekari.

Wajerumani waliiangalia mbuga ya Wembere, mashariki ya Tabora, wakachora mpango wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kwa mfereji ili walime pamba. Vita vya kwanza vya dunia viliuzima, lakini ndoto haikufa. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilikubaliana kwamba kazi yoyote ya kupunguza maji ya Nile, yanayotoka katika ziwa hilo, katika nchi zilizotawaliwa na Waingereza ihitaji ridhaa ya Misri. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika, ikifuata msimamo wa Julius Nyerere, mwanafunzi wa zamani wa Shule ya Tabora, ilitangaza kwamba haifungwi na mkataba huo. Mpango kama wa Wembere ulihitaji uhuru huo.

Somo kubwa zaidi lilikuja na karanga. Mwaka 1947 Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia, ilianza mradi wa kulima karanga Kongwa, Nachingwea na Urambo, nchi ya Mirambo. Mpango ulizungumzia zaidi ya ekari milioni 3. Matrekta yaliingia porini, minyororo ikang'oa miti. Huko Kongwa udongo ulikauka ukawa kama sakafu, na mvua haikufuata ratiba ya London. Mwanzoni mwa 1951 mradi ulitangazwa kuwa umeshindwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu. Waliopanga walikuwa na ramani ya ardhi. Hawakuwa na ramani ya mvua inavyotembea ndani ya ardhi hiyo, ile ambayo kila mama wa Kinyamwezi aliijua kwa kuangalia tuta lake.

Urambo iliyobaki ikageukia tumbaku, na mpaka leo Tabora ni moyo wa tumbaku ya Tanzania. Zao hili limejenga nyumba za bati na kusomesha watoto wengi, na si haki kulidharau. Lakini tumbaku ya mvuke hukaushwa kwenye mabani kwa moto wa kuni, na kuni hutoka kwenye miombo ile ile inayoshika mvua kilimani na kuitoa polepole bondeni. Msitu ukiondoka, maji yaliyokuwa yakishuka kwa wiki hushuka kwa saa. Aidha kazi ya tumbaku hudai mikono wakati ule ule mahindi yanapodai palizi.

Mahindi nayo yameuweka mtama pembeni. Ni matamu, hayaliwi na kwelea kwelea kama mtama, na watoto wanaosoma hawawezi kushinda shambani wakifukuza ndege. Hata hivyo mahindi hayana subira. Mvua ikikatika wiki tatu wakati yanapotoa mbelewele, hakuna cha kuvuna, ilhali mtama hujikunja, hungoja, kisha huendelea. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 iliongeza ugumu mwingine. Iliwasogeza watu karibu na barabara, shule na zahanati, lakini wengi walitengana na mteremko wao, wakabaki na shamba la daraja moja tu la udongo.

Jaruba

Pamoja na hayo yote, elimu ya mteremko haikupotea. Nenda Nzega au Igunga mwezi wa Januari uitazame kwenye majaruba.

Jaruba ni shamba la mpunga lililozungushiwa kingo za udongo zinazofika magotini. Mkulima halichimbi ovyo. Hulitafuta mahali penye itogolo, kwa kuwa lile tabaka gumu linaloua mahindi ndilo linalozuia maji yasizame. Huangalia pia juu yake kuna nini, kwa maana mvua inayolidondokea jaruba lenyewe haitoshi mpunga. Linahitaji maji yanayoteremka kutoka ardhi ya juu iliyo pana kulishinda mara kadhaa. Jaruba la kwanza likijaa, mwenyewe hukata ukingo kwa jembe, maji yakaingia la pili, kisha la tatu. Mche hutoka kitaluni na kupandikizwa ndani ya tope. Kwa siku kadhaa baada ya mvua kubwa, mteremko mzima hung'aa kama vioo vilivyopangwa ngazi kwa ngazi.

Ujuzi huo hauhitaji dizeli wala mkopo. Lakini una hesabu yake, na ndani yake ndimo ilimo hoja ya makala hii. Ardhi ya juu ikilimwa yote bila matuta, maji huja kwa kishindo na kuvunja kingo. Ardhi ya juu ikigeuzwa yote majaruba, wa chini hawapati kitu. Malisho yakila majani ya kilimani mpaka ardhi ikawa tupu, mchanga huteremka na kuyajaza majaruba. Kila eneo la mpunga linadai eneo jingine lisilo la mpunga liachwe juu yake ili lililishe. Shamba linaloonekana tupu ndilo kisima cha shamba lililojaa.

Wasukuma walilijua hilo kwa upande wa malisho, wakatenga ngitili, eneo linalofungwa masika ili majani yawepo kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulipoacha kuwahubiria watu miche ya kigeni na kuanza kuuheshimu utaratibu huo, miti ilirudi kwenye maelfu ya hekta zilizokuwa zimeitwa jangwa.

Maji yamefika, mvua imebaki ile ile

Miaka ya karibuni Tabora imepata baraka ambayo vizazi viliililia. Bomba linaloanzia Ihelele, kwenye ufuko wa Ziwa Victoria wilayani Misungwi, limepita Nzega na Igunga na kufika mjini, mji uliokuwa ukitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima. Ndoo imepungua vichwani mwa wanawake wengi.

Tuifurahie baraka hiyo kwa kuijua ilivyo. Maji ya Igombe kwa asili huelekea magharibi, Malagarasi na Ziwa Tanganyika, hatimaye Kongo na Bahari ya Atlantiki. Maji ya Manonga na Wembere huishia Kitangiri na Eyasi, ambako hayatoki tena kwenda bahari yoyote. Sasa Tabora inakunywa pia maji ya Nile. Mkoa mmoja unapata maji ya mapaa matatu ya bara zima. Lakini bomba ni la kunywa. Haliwezi kunyeshea mtama wa Uyui wala mpunga wa Nzega, na nafaka ya Tabora ingali inategemea mvua inayoanguka juu ya mteremko wake. Hatari ni kwamba mtu aliyezoea kufungua bomba anaweza kusahau kilima.

Hapa ndipo ninaporudi kwa mtemi. Serikali ya uhuru ilifuta utemi mwaka 1963, na haki ya watu kujitawala ilikuwa na thamani kubwa kuliko viti vya enzi. Lakini kazi mbili zilizokuwa katika kiti kimoja, kugawa ardhi na kujibu habari za maji, zilitengana na hazijakutana tena. Leo halmashauri ya kijiji hugawa ardhi kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Maji ya mito yanayokwenda magharibi yako chini ya bodi ya bonde yenye makao Kigoma, na ya Wembere chini ya bodi yenye makao Singida. Skimu za mpunga ziko chini ya Tume ya Umwagiliaji, maji ya kunywa vijijini chini ya RUWASA, misitu chini ya wakala wake. Kila ofisi ina watu wake wenye bidii, lakini mvua inaposhuka kutoka kwenye matale kwenda mbugani hupita katika himaya zao zote ndani ya saa moja.

Vijiji vina mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi na kutunga sheria ndogo. Mpango huo uanze na mstari wa maji: kilima kipi kiachiwe miti, mteremko upi ulimwe kwa matuta, majaruba yaishie wapi, ngitili ifungwe lini. Hekta zihesabiwe baada ya hapo. Wakulima wenye majaruba ya juu na ya chini wakae mkutano mmoja, kwa sababu wanalima shamba moja.

Haba na haba hujaza kibaba, na waliotunga methali hiyo walikuwa wakipima nafaka. Wanyamwezi waliolisha misafara waliipima mvua kwa namna hiyo hiyo. Waliigawia juu, kati na chini, na kila daraja lilipokea posho yake bila kula ya mwenziwe.